Abiria wa Dirishani

Mlio ulisikika saa nane mchana, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi. Ulikuwa mmoja tu, laini, kama kijiko kilichogonga glasi. Mama Ndesanjo alikuwa jikoni akimenya ndizi za kupikia mtori. Akaacha kisu, akasikiliza. Friji lilikuwa kimya. Simu yake ilikuwa imezimika.

"Anneth!" akaita. "Umesikia hiyo kengele?"

"Kengele gani, mama?" binti yake akajibu kutoka sebuleni.

"Imelia hapo hapo ulipo."

"Sijasikia kitu."

Lakini Anneth alikuwa ameshasimama katikati ya sebule, mikono ameikumbatia kifuani, macho kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Alikuwa ameisikia vizuri, na aliijua. Ni kengele inayolia ndani ya ndege abiria anapobonyeza kitufe cha kumwita mhudumu.

Alikuwa na siku tatu tu tangu arudi nyumbani kwao, Kwa Mrombo. Miaka sita alikuwa Marekani, akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Kazi ile aliiweza. Aliwalisha, aliwageuza kitandani, aliwainua kila baada ya saa mbili akawatembeza koridoni ili damu isilale miguuni. Wazee walimpenda, na kwa kuwa walimpenda, walimwita. Chumba namba nne kinalia, chumba namba tisa kinalia. Hata siku zake za mapumziko, akiwa amejilaza kwake, alizisikia kengele zile.

Ndiyo maana alipokata tiketi ya likizo, kitu alichokisubiri kwa hamu, ukiacha kumwona mama yake, kilikuwa ndege yenyewe. Saa kumi na nne angani bila mtu wa kumwita. Wengine safari ndefu namna ile huiona adhabu. Anneth aliiandaa kama anaandaa sikukuu. Alinunua mto wa shingo, soksi za kubana miguu, kitambaa cheusi cha kufunika macho, na hedifoni kubwa za kuziba kila sauti. Alijaza filamu kwenye tableti yake, isije ikawa zile za ndani ya ndege hazifai. Alichagua kiti cha kwenye njia, kule nyuma kabisa ambako viti viko viwili viwili, apate kunyoosha mguu. Akavaa sweta lake la kijivu, pana, laini, ambalo mtu anaweza kujikunja ndani yake kama mtoto mgongoni.

Kwenye kiti cha dirishani alikaa bibi mmoja mwembamba, kichwa kimenyolewa, masikio yametogwa na kurefuka, amevaa gauni la kanisani na juu yake shuka ya bluu ya Kimaasai. Anneth alipomwamkia kwa Kiswahili, bibi alimshika mikono yote miwili akaitikisa kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu! Wewe wa kwetu?"

"Wa Arusha, bibi."

"Mimi na wewe basi. Mpaka nyumbani."

"Mpaka nyumbani," Anneth akasema.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kuokoteza. Alisema anaitwa Resiato, alikwenda kumwona binti yake aliyejifungua, na sasa anarudi kwake kwa sababu ng'ombe hawamzoei mtu mwingine. Anneth alimfunga mkanda. Akamwashia kioo kilichokuwa mbele ya kiti, akamwekea ramani yenye kindege cheupe.

"Hiki ni sisi, bibi. Kikifika hapa, tumefika."

Kitufe cha kumwita mhudumu hakumwonyesha. Alijua kilipo. Alijiambia kwamba bibi akikijua atakibonyeza kila dakika, na yeye hatapumzika.

Chakula kilipoondolewa na taa kupunguzwa, Anneth akatoa vitu vyake kimoja kimoja. Alikuwa katikati ya filamu ya pili mkono ulipomgusa. Akafunua sikio moja.

"Mwanangu, tumefika?"

"Bado, bibi. Lala."

Kisha akavaa kitambaa cha macho, akapandisha sauti ya muziki mpole, akajifunika mpaka kidevuni. Mkono ukarudi. Ulimgusa kidogo tu, begani. Hakusogea. Baadaye, hakujua ni baada ya muda gani, ukamtikisa, na Anneth akaanza kupumua polepole na kwa kina, kama apumuavyo mtu aliyelala. Mara ya tatu vidole vilishika mkono wa sweta lake vikavuta, vikavuta kwa nguvu ambayo hakudhani bibi yule anayo, na nyuma ya muziki akasikia sauti kwa mbali sana. Anataka kupita, akawaza. Anataka choo. Akawaza: mhudumu atapita sasa hivi. Akawaza: dakika tano tu.

Vidole vikalegea vyenyewe. Naye akalala usingizi mtamu kuliko wote alioupata katika miaka sita.

Alipoamka taa zilikuwa zimewashwa na harufu ya kahawa imejaa. Resiato alikuwa anatazama ramani. Alikuwa hapepesi macho.

"Alikuita?" mhudumu alimuuliza baadaye. "Alilalamika maumivu yoyote?"

"Nilikuwa nimelala," Anneth akasema.

Ndege ilikuwa imejaa, hapakuwa na mahali pa kumhamishia. Wakamfunika blanketi pale pale, mkanda ukiwa umefungwa, na kwa saa tatu zilizobaki Anneth alikaa kando yake. Walipotua kwenye kituo cha kubadilisha ndege, mwili uliteremshwa, na Anneth akaendelea na safari mpaka uwanja wa ndege wa KIA. Mama yake alipomkumbatia na kumuuliza kama alisafiri salama, alisema, "Salama kabisa, mama."

*

Julai hiyo Arusha ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Mlima ulikaa ndani ya ukungu siku nzima. Siku ya nne Mama Ndesanjo alitoa sweta la kijivu kwenye begi la mwanawe akalivaa.

"Zuri hili," alisema. "Ila mkono huu mmoja umevutika."

Anneth alifungua mdomo amkataze, akakosa sababu ya kumpa.

Siku hiyo hiyo harufu ikaingia. Ilikuwa harufu ya moshi, ule wa kufukizia vibuyu vya maziwa, na chini yake harufu nyingine kavu, ya hewa iliyofungiwa mahali pamoja na chakula kilichopashwa moto. Mama hakuinusa. Alivuta kiti chake mpaka dirishani akakaa. Jioni alikuwa bado pale. Kesho yake alikaa tangu chai ya asubuhi, akitazama nje kwenye ukungu, na Anneth alipomwambia mchana waende wote sokoni, alijibu kwa upole, "Nitapitaje, mwanangu? Njia imezibwa."

Mbele yake palikuwa wazi. Hapakuwa hata na stuli.

Mlio ulirudi kila siku saa nane. Siku ya sita Anneth alikuwa akikunja nguo, umeme umekatika tena, alipohisi mwanga wa bluu ukutani, akageuka, na kuona kwamba televisheni iliyokuwa haina moto imewaka, haina picha ya habari wala ya kwaya, ina ramani, ramani yenye bahari upande mmoja na nchi kavu upande mwingine, na kindege cheupe kimesimama juu yake hakiendi mbele wala nyuma, na alipoukimbilia waya kuuchomoa akakuta umeshachomolewa, umelala sakafuni, na nyuma yake mama yake, ambaye hajawahi kupanda ndege maishani, akawa anapapasa kiunoni kwa mikono miwili, anatafuta kitu cha kufungua.

"Mama," Anneth akanong'ona. "Mama, unatafuta nini?"

Mama akaendelea kupapasa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa.

Hapo ndipo Anneth alipoogopa kweli, maana ugonjwa ule aliusomea. Alijua damu inayolala mguuni inavyoganda, inavyopanda kifuani, na mtu anavyoondoka nayo. Wakaenda hospitali. Mguu ulipimwa, kifua kikapigwa picha, damu ikachukuliwa. Daktari alisoma majibu mara mbili akasema hakuna donge la damu popote, na kwamba hajui kwa nini mama anahema vile. Wakarudi na dawa. Mama akarudi kwenye kiti chake, ndani ya sweta lile ambalo sasa hakukubali kulivua, na kila siku pumzi yake ikawa fupi zaidi.

Siku ya kumi na moja, majirani walipomshauri, Anneth alimwita mwinjilisti Hans wa mtaa wao. Mzee Hans alisifika kwa kutoa pepo. Alikuja asubuhi na Biblia yake iliyofungwa kwa karatasi ya gundi, akamwekea mama mkono kichwani, akaomba mpaka shati likalowa. Aliamuru. Alikemea. Alilitaja kila jini analolijua, la maji na la mlimani, akaliambia litoke.

Mama alimtazama kwa adabu, kama mgeni anayesemeshwa lugha asiyoijua. Alipomaliza, akatabasamu kidogo akatazama tena nje.

Mzee Hans akajifuta uso. "Nimepambana na mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Yanatukana, yanapiga kelele, yanataka damu. Hili halibishani na mimi. Limenionea huruma."

Wakati huo mlangoni alikuwa amesimama Lesian, muuza maziwa aliyewaletea lita mbili kila asubuhi kwa miaka mingi. Alikuwa amesubiri maombi yaishe. Akavua kofia, akamsalimia mama mwenye nyumba kama anavyowasalimia mama zake nyumbani, bila kufikiri.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," Mama Ndesanjo akaitikia.

Lesian akaweka galoni chini. Mama Ndesanjo alikuwa Mchaga wa Machame. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwitikia kwa Kimaasai. Sasa akaendelea. Alizungumza maneno mengi, polepole, kwa pumzi inayokatika, na sauti haikuwa yake. Uso wa Lesian ukabadilika.

"Anasemaje?" Anneth akamshika mkono. "Kaka Lesian, anasemaje?"

"Anauliza kama tumefika." Alikuwa ananong'ona. "Anasema miguu inamuuma, kifua kimebana. Anataka kusimama kidogo tu."

Mama akaongeza kitu, akiinua kidole mdomoni, kama mtu anayewanyamazisha watoto.

"Na hapo?"

"Anasema tusipige kelele. Anasema huyu binti amechoka sana, amelala. Tusimwamshe."

Anneth alikaa chini sakafuni. Kilio kilichomtoka kilimfanya Mzee Hans aende kufunga mlango. Kisha akawaeleza yote mbele ya mama yake: ahadi ya mpaka nyumbani, kitufe, kitambaa cha macho, mkono begani mara tatu, pumzi za kuigiza.

"Bibi huyo aliitwa nani?" Lesian akauliza mwishoni.

"Resiato."

Lesian akatazama sakafu. "Jumamosi tulimzika mama mmoja kule Oldonyo Sambu. Alifia kwenye ndege, mwili ukachelewa njiani. Mwanawe ni Loishiye, namfahamu." Akamgeukia Anneth. "Tulizika mwili, dada. Naona bibi mwenyewe alikufuata wewe. Mliahidiana mpaka nyumbani."

Mzee Hans akaifunga Biblia yake. "Basi si wa kufukuzwa," alisema. "Huyu ana kwao. Mpelekeni leo hii, kabla hajamaliza pumzi ya mama yako."

*

Lesian alikodi gari, Noah ya abiria. Walimbeba mama mpaka garini, na alipotaka kupita ndani mpaka kiti cha dirishani, Anneth alimkalisha kwenye kiti cha mlangoni, yeye akaketi ndani, ili njia isizibwe tena. Mzee Hans alikaa mbele, akiomba kimoyomoyo. Walipita Ngaramtoni, barabara ikaanza kuiacha miti, mlima ukiwa mkono wa kulia ndani ya wingu lake.

Walipokwenda kidogo, mkono wa mama ulishika nguo ya Anneth.

"Simamisha gari," Anneth akasema.

Alimshusha. Kando ya lami, kwenye upepo wa vumbi, alimzungushia mkono kiunoni, akamwambia, "Hatua moja, bibi. Nyingine. Vizuri." Walitembea mpaka kwenye mti wa mgunga, wakarudi. Malori ya kwenda mpakani Namanga yalipita yakiwapigia honi. Wakaendelea na safari, na kila mkono uliposhika nguo, gari lilisimama. Walisimama mara tano. Safari ya chini ya saa moja ilichukua karibu saa tatu, na Anneth hakufumba macho hata mara moja.

Boma la Loishiye lilikuwa juu kidogo ya barabara: nyumba ya matofali, na pembeni yake nyumba ya zamani ya udongo iliyoezekwa nyasi. Kaburi lilikuwa bado jekundu, na msalaba wa mbao na maua ya plastiki. Loishiye, mwanamume wa miaka hamsini hivi, alitoka na mkewe wakasimama, wakishangaa kuona mama wa Kichaga mwenye mguu uliovimba akishuka kwenye gari na kuukataa mkono wa kila mtu.

Alilipita kaburi bila kuliangalia. Akaenda moja kwa moja kwenye zizi, akaita. Ng'ombe mmoja mwekundu akainua kichwa, akaja mpaka kwenye miti ya uzio, akaunusa mkono wa sweta, akaanza kuulamba. Mke wa Loishiye akajifunika mdomo kwa khanga. Mama Ndesanjo akamwambia ng'ombe maneno machache, kisha akainama, akaingia kwenye ile nyumba ya udongo bila kugusa kizingiti, kama mtu aliyeingia pale mara elfu gizani.

Walipomfuata walimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, miguu ameinyoosha. Akauliza. Safari hii hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Anneth akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Nimeamka, bibi," alisema. "Nimeamka. Tumefika."

Lesian akayasema yale yale kwa Kimaasai, taratibu.

Mama akamtazama Anneth usoni, kwa macho yasiyokuwa na kinyongo hata kidogo. Akashusha pumzi ndefu, pumzi iliyoendelea kutoka hata walipodhani imekwisha, na ile harufu kavu ya hewa iliyofungiwa ikawapita wote ikatoka mlangoni, ikabaki ya moshi na maziwa peke yake, ambayo ilikuwa ya nyumba ile siku zote. Kisha akaegemea ukuta.

"Anneth?" Sauti ilikuwa ya Mama Ndesanjo. "Hapa ni kwa nani? Na mbona nina njaa hivi?"

*

Kifua kilifunguka saa ile ile. Mguu ulichukua wiki kupungua. Mke wa Loishiye alimchukua mama akamlaza kwenye nyumba ya matofali, akamvua sweta mwenyewe, mama hakukataa. Mzee Hans alikwenda kaburini kuomba. Nje, kwenye benchi, alibaki Loishiye na Anneth, Lesian akiwa amesimama kando.

Anneth alimweleza yote. Hakujitetea kwa kazi wala kwa uchovu. Loishiye alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake magotini.

"Mara tatu," alisema.

"Mara tatu, baba."

"Sisi ndio tuliomlazimisha kupanda hiyo ndege. Alikuwa anaogopa. Mimi nilimwambia, mama, usiogope, ndani kuna watu. Hutakuwa peke yako." Akaiweka fimbo chini. "Hayo yamekwisha. Sasa niambie mengine."

"Mengine yapi?"

"Ya mama. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Alicheka? Alizungumza nini? Alikula?"

Anneth akatafuta. Alitafuta kweli, akirudi kiti hadi kiti, saa hadi saa. Alisema kwamba ndege ilipoacha ardhi bibi alicheka kwa sauti akajiziba mdomo. Alisema kwamba aliwataja ng'ombe zake. Loishiye aliitikia kwa kichwa kwa kila neno, akamgeukia Lesian kila mara kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe amelielewa sawasawa, kisha akasubiri. Saa kumi na nne, na mtu yule alikuwa anasubiri saa zilizobaki.

"Chakula kilipoletwa," Anneth akasema, "alikata mkate wake nusu. Akanipa."

"Ukala?"

"Nilimwambia nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Hapana."

Ukungu ukashuka kwenye zizi. Loishiye akaita ndani kwa Kimaasai, neno moja au mawili. Mkewe akatoka na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, la moto bado, akaliweka magotini mwa Anneth pamoja na kijiko, akarudi kwa mgonjwa.

Anneth alianza kula. Machozi yalimwingia mdomoni, akala nayo. Loishiye alikaa pale pale, hakuondoka, akamwangalia mpaka bakuli likawa tupu.